Sura ya Fundi Baiskeli

Nilifika kilioni nimekumbatia picha ndani ya fremu ya dhahabu, nikamkabidhi mjane kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

Marehemu alikuwa fundi baiskeli karibu na stesheni ya treni ya mji wetu wa Kamina. Kwetu picha ya marehemu huwekwa juu ya sanduku, watu waione sura yake kwa mara ya mwisho. Yake ilikuwa moja tu, ya kadi ya uchaguzi, nayo ilikuwa imefutika. Ndipo mtu akasema: “Muite papa wa foto, alikuwaka anamupiga foto kila siku.”

Papa wa foto, yaani mzee wa picha, ni mimi, niliyezunguka na kamera Lubumbashi, Nairobi hadi Brussels, nikijisifu kwamba naonyesha yale ambayo miji haiyaoni. Na kweli, picha za fundi huyo ninazo tele: mikono yenye grisi, mgongo, kandambili, kivuli chake kati ya spoku. Nilizipekua zote nikitafuta uso. Haupo. Basi nikachagua picha ya mikono na, kwa akili zangu hizi, nikaamini itawafariji.

“Mama,” nilinong’ona, “angalia mwangaza vile inaangukia vidole.”

Mjane akanirudishia fremu.

“Papa, hii mikono miye naijua. Miaka yote ile, sura yake weye haukuiangaliaka?”