Jiwe la Mizani na Spana ya Mshale

Ambrosi alikuwa fundi wa kushuku. Mchana wa jua kali alibeba koti, akisema mawingu ya Mbeya hayana ahadi. Basi mwaka 1956, Selemani mwenye gereji alipoleta spana yenye mshale na namba za kupima nguvu ya kukaza, Ambrosi aliiona ni mpelelezi aliyeletwa kumchunguza.

"Unavuta taratibu, fundi," Selemani alimweleza. "Mshale ukigusa namba ya kitabu cha injini, unaacha. Umeshanikatia bolti mbili za injini kwa kukaza mno. Ukikata nyingine, injini zote anashika Ahmadi."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka yote alikaza kwa mkono wake mpaka bega liseme limetosha. Leo kipande cha chuma kimsahihishe mbele ya Ahmadi, fundi aliyeajiriwa baada yake? Akaapa kuiumbua.

Kesho yake alikuja na jiwe la mizani la ratili ishirini, aliloazima kwa mkewe Matilda, muuza mchele wa Rujewa pale sokoni. Akabana kichwa cha spana kwenye jiliwa, akatundika jiwe kwenye mpini, futi moja na nusu kutoka kichwani.

"Ishirini mara moja na nusu ni thelathini," alitangaza. "Haya, someni."

Mshale ulisimama kwenye ishirini na sita.

"Mwongo huyo!" Ambrosi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Si nilisema?"

Selemani alivuka barabara, akaazima kwenye duka la jirani jiwe la ratili ishirini, akalitundika palepale. Thelathini kamili. Akatundika tena la Matilda: ishirini na sita. Ndipo akaligeuza. Tundu la chini, ambalo hujazwa madini ya risasi ili uzito utimie, lilikuwa tupu, limechokonolewa kwa kisu.

Ambrosi, aliyemshuku hata padri, hakuwahi kumshuku mtu wa nyumbani kwake. Aibu ilimshika, masikio yakamwaka moto. Alitamani bado kusema spana ni mbovu, lakini tundu lilikuwa wazi mbele ya wote.

Ahmadi alisogea, akaingiza kidole ndani ya lile tundu.

"Kaka Ambrosi, mchele wetu tulikuwa tukinunua kwa shemeji Matilda," alisema polepole. "Kila mara ulikuwa unaisha kabla ya siku zake. Mimi nikasema mke wangu Mwantumu anawapelekea ndugu zake. Alilia, akaapa kwa Mungu, sikumsadiki. Nikampa talaka."