Tovuti ya Korosho Isiyotaja Korosho

Hivi wewe ukitafuta korosho mtandaoni, unaandika "korosho" au cheo cha mwenyekiti? Kwenye internet café moja ya Chuno, Mtwara mjini, mama mbanguaji kutoka Mpapura alinisihi niitafute tovuti ya ushirika wao, wapate wanunuzi. Haikutokea. Nikamwita karani wao, tukazifungua kurasa: vichwa na lebo zote, yale maneno ambayo mtandao huyasoma ili kuipata kurasa, ni "Ofisi ya Mheshimiwa Mwenyekiti"!

"Ndiyo protokali, kaka," akajitetea karani.

"Kwani wateja wanatafuna cheo?" mama akamkata kauli.

Tukakifuta cheo kwenye vichwa na lebo, tukaandika: "Korosho zilizobanguliwa, Mpapura, Mtwara." Wiki tatu baadaye tukatafuta tena. Ya kwanza kabisa! Mama akapiga kigelegele, "Tumeonekana, mwanangu!"

Juzi mwenyekiti kaagiza cheo chake kirudishwe. Mheshimiwa, with due respect, toka kwenye lebo, wapishe akina mama wauze!