Ubao wa Kupita Mlangoni mwa Mama

Mimi nina hasira za karibu, na mwaka ule ziwa lilipopanda hadi ndani kwa mama nilikuwa nagombana hata na nyundo. Majirani wote walikuwa wamehama. Mama alibaki peke yake, kitanda juu ya matofali, maji yanapita chini yake, na ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kupasuka. Nikimwambia aje kwangu Rugenge, jibu lilikuwa moja: "Baba yako akirudi atakuta nani?"

Baba alikwenda kuvua ndagala, dagaa wa ziwani, nikiwa mtoto, hakurudi, wala mwili haukuonekana. Hatuna kaburi lake. Mama alidai kwamba tangu maji yaingie anamsikia akibisha hodi. Nikamwambia ni magogo yanayoelea. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko matusi.

Basi nikaamua kumtoa, apende asipende. Mitumbwi ya wavuvi ni mipana, haipiti mlangoni, na mama miguu ilikuwa imevimba, hawezi kutembea majini wala kubebwa mbali. Nikapima mlango. Nikampima na yeye urefu, akiwa amelala. Kisha nikaenda depo ya mbao, kule Kimanga, kutafuta tripleksi, zile mbao za tabaka nyembamba zilizoshikanishwa kwa gundi.

Muuzaji aliposikia vipimo akavua kofia. "Pole, fundi. Ni mama?"

"Mama iko muzima."

Hakuamini. Mimi ni fundi wa vitanda, na vipimo vya namna hiyo humpelekea nikiwa na sanduku la maiti la kutengeneza. Akanitolea ubao mweupe, laini, wa kupendeza macho. "Hii inatosha. Yenye kuingia mu udongo haina lazima ya gundi ya nguvu."

Damu ikanipanda kichwani. "Weye unasikia? Natafuta ya mutumbwi."

"Fundi wa vitanda na ziwa, wapi na wapi?" Alicheka, lakini akanionyesha rundo la nyuma.

Nikagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, pembe hadi pembe. Penye pengo kati ya tabaka sauti hulegea, na hapo ndipo maji yatakapoingia. Ubao mmoja ulikuwa mzito, sauti yake kavu kila mahali. Nikaulaza chini peke yake, nikagonga mara tatu za mwisho. Ukajibu mara tatu, kutoka chini. Nikauinua haraka. Palikuwa na saruji tupu.

"Acha hiyo, fundi," muuzaji akasema. Hakuwa anacheka tena.

Niliogopa, sifichi. Lakini nilikata kipande cha pembeni, nikakichemsha nyumbani kwenye sufuria, na tabaka hazikuachana. Woga ni woga, na gundi ni gundi. Nikarudi kuununua, nikaufanya sakafu ya mtumbwi.

Niliuingiza mtumbwi kwa mama saa sita mchana, jua kali, maji yametulia hata sakafu inaonekana. Akautazama kutoka kitandani. "Umeniletea sanduku?"

"Ni mutumbwi, mama."

"Iko ya bantu ngapi?"

"Ya muntu moja."

"Basi siendi."

Nikasimama majini, nikalia kwa hasira kama mtoto. Ukuta ule usingengoja. Nilimwambia hivyo, nikamwambia sitaki kukosa kaburi lake pia. Ndipo sakafu ya mtumbwi ikagongwa kutoka chini, mara tatu, sauti kavu niliyoijua. Nikainama kutazama. Hapakuwa na gogo wala kitu.

"Karibu," mama akasema, taratibu, akaninyooshea mikono nimbebe.

Nilikuwa nimempimia kulala. Alikataa kulala. Alikaa nyuma, akaikunja miguu yake yenye maumivu hadi kifuani, akaacha nafasi mbele yake. Nikasukuma. Mama alikuwa amebaki mifupa, lakini mtumbwi ulikuwa umezama hadi karibu na ukingo, na ilinibidi niusukume kwa kifua.

Tulipofika mlangoni akanigusa bega.

"Pole pole. Baba yako ni murefu, ainamishe kichwa kwanza."

Nikangoja.