Barua kwa Babu Aliyelala

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu niliandika barua yangu ya kwanza, na niliyemwandikia alikuwa amekwisha kufa. Watoto wengine huanza kwa kumwandikia shangazi wa mjini wamwombe viatu. Mimi nilimwandikia babu yangu, mzee Masanja, aliyekuwa na mwaka wa nne kaburini. Nikiwasimulia watu habari hii hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza. Mimi mwenyewe sijawahi kuicheka, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Kwetu ni Bukombe. Babu alikuwa mrina asali, na mizinga yake ilijaa porini. Alipofariki alizikwa nyumbani, kati ya boma la ng'ombe na ua wa minyaa. Aliyemzika alikuwa katekista wa kigango chetu, tuliyemwita Mwalimu Andrea, maana padri alifika kwetu mara chache sana kwa mwaka. Mwalimu alisimamia kila kitu: kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya kufufuliwa mzee ainuke akiwa anatazama jua linapochomoza. Kisha akasimama juu ya udongo mbichi akasema maneno ambayo bibi yangu aliyashika neno kwa neno.

"Mzee amelala. Hasikii, haoni, hanywi. Anangoja parapanda. Siku hiyo atainuka hapahapa, na mwili huuhuu. Kwa hiyo asije mtu hapa na kibuyu cha pombe kumwagia masamva."

Masamva ni mizimu ya wazee wetu, na kuwamwagia pombe ya mtama ilikuwa desturi ya bibi tangu alipoolewa. Tangu siku ile aliacha. Aliacha kwa shida, maana aliona anamnyima mumewe haki yake, lakini aliacha. Badala yake akaanza kungoja.

Alingoja kwa namna ambayo sijaiona kwa Mkristo mwingine yeyote. Mwalimu alisema saa ya parapanda haijulikani, basi bibi akaamua kutolala nje ya nyumba ile hata siku moja. Binti yake aliolewa Kahama, bibi hakwenda harusini. Alipoulizwa alijibu kama mtu anayeulizwa jambo dogo: "Nikienda, na ikawa ndiyo siku yenyewe? Mtu aamke kutoka huko alikotoka, akute mlango umefungwa?" Kila Jumamosi alifagia kaburi, na mtungi wa maji uliokuwa karibu na mlango haukuachwa mtupu. Alituonya sisi wajukuu kwamba mfu akifufuka asipomkuta mtu wake nyumbani, atatangatanga, na parapanda haipigwi mara mbili. Hilo la kutangatanga halimo katika katekisimu yoyote niliyosoma. Lakini Mwalimu alilisikia mara nyingi, akacheka tu, hakulisahihisha.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamishwa. Watu wote waliokaa wametawanyika katika maeneo yao walitakiwa kusogea kwenye kijiji kipya, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari. Mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu. Bibi alikataa. Mgambo walikuja mara ya kwanza, akawapa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na maji, akawaambia yeye hawezi kuondoka, kuna mtu anamngoja. Walipokuja mara ya pili walikuja na Mwalimu Andrea.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua kunde, na hakuna neno lililonipita.

"Mama Yohana," Mwalimu alianza kwa upole, "mbona unawasumbua watu wa serikali? Mzee hayupo hapa. Mzee yuko juu na watakatifu siku nyingi."

Bibi aliweka ungo chini. "Ameamka lini?"

"Roho yake imekwenda, mama. Hapo pamebaki udongo tu."

"Wewe ulisimama palepale ukaniambia amelala. Ukaniambia hasikii, nisimpe pombe. Sasa nani amemwamsha, na kwa nini mimi mkewe sikuambiwa?"

Mwalimu akawatazama mgambo, nao wakamtazama yeye. "Mambo hayo ni mazito kwako, mama," akasema. "Fungasha vyombo. Lori linakuja kesho."

"Kama yuko juu na anasikia," bibi akasema, sauti yake ikiwa imeshuka, "basi nimemnyima mume wangu pombe miaka minne bure."

Mwalimu alikuwa amekwisha kugeuka.

Leo mimi ni mtu mzima, nimesoma, na najua kwamba kanisa letu linafundisha yote mawili: roho huenda kwa Mungu mtu anapokufa, na mwili hungoja siku ya mwisho. Mtu mwenye subira angemweleza mjane wa mrina asali jambo hilo kwa robo saa, naye angelielewa, maana bibi hakuwa mjinga. Angemwambia pia kwamba Mungu hawezi kumpoteza mtu kwa sababu mkewe amehamishwa. Kinachoniudhi si ugumu wa mafundisho. Kinachoniudhi ni mtu kuchukua nusu moja siku ya maziko kwa sababu inamfaa kuzuia pombe, akachukua nusu ya pili siku ya mgambo kwa sababu inamfaa kwa wakubwa, na katikati akamwacha mama mzee amening'inia. Ulikuwa uonevu, hata kama hakuinua mkono.

Alasiri ile bibi aliniita. "Ng'wanawane, mwanangu, lete daftari lako na penseli."

Tulikaa kando ya kaburi. Alitamka, nikaandika kwa penseli, nikitoa ulimi nje kwa bidii. Barua ilisema hivi: "Baba Yohana. Tumehamishwa, hatukukukimbia. Ukiamka usihangaike. Fuata njia ya mkokoteni hadi ulipo mzinga wako mkubwa, pinda kushoto, tembea hadi utakapoona nyumba za mistari. Sisi tumepangiwa mstari wa tatu, nyumba ya saba. Mkeo."

"Bibi, babu hajui kusoma," nikasema.

"Siku hiyo malaika watakuwepo. Wao wamesoma."

Alikunja karatasi akaitia katika chupa ya dawa ya kikohozi, akaziba mdomo wake kwa nta iliyotoka kwenye mizinga ya babu mwenyewe. Akaichimbia upande wa miguuni chini ya jiwe jeupe, kina cha kiganja tu, pale ambapo mtu akiinuka ataliona. Kesho yake lori lilikuja, mgambo wakang'oa paa ili tusirudi, nasi tukaondoka. Bibi alipanda bila kugombana na mtu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala nje ya nyumba ile tangu msiba.

Kosa lilikuwa langu. Katika darasa la komunyo ya kwanza nilijisifu kwa rafiki yangu Veronika kwamba mimi naandika barua za watu wazima. Veronika alikuwa na mdomo mwepesi. Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliniita mbele ya watoto wote.

"Mwenzenu huyu anamwelekeza marehemu njia," alisema, "kana kwamba Mungu hajui ramani ya Bukombe." Watoto walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akakaza uso. "Huo ni upagani. Jumamosi ijayo uniletee karatasi hiyo. Usipoileta, komunyo utaisikia redioni."

Gauni langu jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Nilikwenda kwa bibi nikilia. Nilitegemea akasirike, amtukane Mwalimu, aniambie niache komunyo yao. Aliendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Kailete. Komunyo yako kwanza. Babu yako ataulizia njia kwa watu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha darasa zima. Nilijua kwamba hapakuwa na watu wa kuulizwa. Wote tulikuwa tumehamishwa.

Jumamosi asubuhi nilishika njia peke yangu. Nyumba yetu ilikuwa kuta tupu, na magugu yalikuwa yameota hadi jikoni. Nilifukua chupa, nikabandua nta, nikatoa karatasi. Nilikaa pale nikiishika, na nakumbuka hasira ilivyonipanda, hasira ya mtoto ambayo haijui kujieleza lakini inajua kabisa nani amekosa. Nikachana ukurasa mwingine kwenye daftari nililokuwa nimebeba. Nikanakili barua yote, neno kwa neno, mpaka na ule mchirizi wa penseli niliokosea. Nikaupakaza udongo, nikaukunja. Ile ya kwanza niliirudisha chupani, nikailainisha nta kwa jua na vidole, nikaziba, nikalirudisha jiwe jeupe mahali pake.

Nakala ndiyo niliyompelekea. Aliichoma nyuma ya kanisa mbele ya watoto, majivu yakapeperuka, akasema, "Mmeona? Ni karatasi tu." Nilipokea komunyo nikiwa na uongo huo moyoni, na kwa miaka mingi niliogopa kwamba nimekula hukumu yangu. Siogopi tena. Nikiulizwa siku hiyo nitajibu nilivyofanya, na nina swali langu pia la kuuliza.

Bibi sikumwambia. Alikuwa mtu wa kitubio, asingeweza kukaa na siri hiyo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi alidhani mumewe ataamka asijue pa kwenda. Kila alipopita mgeni kutoka upande ule wa zamani, bibi aliuliza kama njia ya mkokoteni bado inaonekana. Hilo nalijutia. Nilimwambia alipokuwa kitandani, hajiwezi, nami ni msichana mkubwa niliyetoka shule.

"Bibi, barua ipo."

"Ipi?"

"Ya babu. Aliyoichoma Mwalimu ilikuwa nakala."

Tumbo lake likaanza kutikisika chini ya shuka. Alikuwa anacheka. "Wabeja," akanishukuru, "wabeja sana, ng'wanawane." Akamwita baba yangu palepale akamwagiza asizikwe makaburi ya kijiji, azikwe nyuma ya nyumba ileile ya mstari wa tatu.

Tulimzika hapo. Mwalimu Andrea, nywele zimekuwa nyeupe, alisimama juu ya udongo mbichi akasema, "Mama amelala. Anangoja parapanda."

Sikuweza kujizuia. "Leo amelala, Mwalimu?" nikauliza, na watu wote wakasikia. "Siku ya mgambo ulisema wafu wako juu. Akija mtu kesho kutuhamisha, utasema ameamka?"

Shangazi alinivuta kanga. Mwalimu akaanza kusoma sala kwa haraka. Nilitegemea kuona raha. Sikuiona, ila sikujuta.

Sasa ndugu zangu wote wako Kahama, wamejenga mtaa wa Nyasubi, na nyumba ya kijijini imebaki na mlinzi. Mara mbili wameniita tuzungumze, tuuze kiwanja, mifupa ya bibi tuihamishie makaburi ya mjini ambako ni rahisi kupeleka maua. Ni watu wazuri, wana nia njema, na hoja zao zina maana. Sijui parapanda italia lini, wala sijui mtu huamka vipi, na anayejifanya anajua simwamini tena. Lakini mara zote mbili nimekataa kuweka sahihi. Barua bado iko chini ya jiwe jeupe, na inasema mstari wa tatu, nyumba ya saba.