Sharti la Nane la Thurman Speight

Thurman Speight alikatazwa kuzungumza na mtu yeyote aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, mpaka apate kibali cha afisa anayemsimamia. Lilikuwa sharti la nane katika karatasi ya hukumu yake, na alilishika kuliko wengi wanavyoshika viapo vya ndoa. Rayford, kaka yake, alifungwa zamani kwa wizi wa magari. Basi Thurman akaacha kuzungumza na kaka yake.

Kosa lake mwenyewe lilikuwa kusafirisha sigara zisizolipiwa kodi. Hakimu alimhesabia miezi aliyokaa mahabusu, akamwachia kwa miaka mitatu ya uangalizi.

Wakili wake, Bi Hollowell, aliisoma kumbukumbu ya siku ile mara mbili. Hakimu alikuwa ametamka masharti saba. La nane lilizuka kwenye karatasi baadaye.

“Katiba inataka mtu aadhibiwe akiwepo,” alimwambia. “Hili hukuhukumiwa nalo, Bwana Speight. Umeandikiwa tu.”

Akakata rufaa kwenye mahakama ya rufaa iliyoko Richmond. Wakati wa kungoja, akamshauri Thurman amwandikie afisa barua, aombe kibali cha kuonana na nduguye. Thurman akakataa. Kuomba, alisema, ni kuwaonyesha maafisa pa kuchungulia.

Tangu hapo kila kitu kilimnukia mtego: gari la kijivu lililoegeshwa ng’ambo ya barabara, shemasi aliyemuuliza habari za Rayford, simu iliyolia mara moja ikakatika. Hakuna hata kimoja alichokithibitisha.

Kila Agosti, waumini waliouhama mji wao wa Kinston hurudi kanisani kwa siku moja, na kwa miaka kumi na tisa ndugu hao wawili ndio waliowachomea nguruwe mzima. Kazi yenyewe iko kwenye kumgeuza. Wawili huinua kwa pumzi moja. Mmoja akiwahi, ngozi hupasuka.

Agosti ya mwaka ule, Jumamosi ya kuchoma, Rayford alifika kwenye shimo la makaa na glovu zake. Thurman hakumwamkia. Afisa alikuwa amepita pale saa moja tu kabla.

“Mdogo wangu,” Rayford alisema, “nguruwe hageuzwi na mtu mmoja.”

“Nani kakutuma?”

Rayford alizitundika glovu kwenye uzio, akaondoka. Thurman alimgeuza nguruwe na mkwe wa mchungaji, ngozi ikapasuka, mafuta yakamwagikia makaa, moto ukala bega zima.

Majaji wa Richmond walichukua miezi kumi na mmoja. Hukumu ikatenguliwa, hakimu akahukumu upya, na sharti la nane halikuwemo. Ilikuwa haki. Dola isiyoweza kumtamkia mtu adhabu usoni haina ruhusa ya kuipenyeza kwenye karatasi.

Siku hiyohiyo Thurman alizichukua zile glovu akaenda kwa kaka yake. Rayford alikuja mpaka kwenye mlango wa wavu, hakuufungua.

“Nani kakutuma?” aliuliza.

Thurman alieleza habari za Richmond. Rayford alisikiliza mpaka mwisho, akasema amefurahi kwa ajili yake, akarudi ndani.

Agosti iliyofuata kanisa lilinunua kuku badala ya nguruwe. Mahakama ilimrudishia Thurman haki ya kuzungumza na kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa amempoteza, kwa swali moja na barua moja ambayo hakuiandika.