Mganga wa Kinyonga

Pale Makorora hakuna fundi baiskeli anayemshinda Sabiri. Kama unabisha, muulize mwenyewe. Atakuambia ananyoosha rimu kwa kuikodolea macho tu. Atakuambia mengi. Moja tu lilimkaa kooni siku tano.

Najat, mtoto wa marehemu dada yake, alikaa kwake na kushona nguo barazani. Alikuwa na kinyonga aliyekuja ndani ya mkungu wa ndizi kutoka Maramba, akamwita Haraka. Wanaume wazima wenye ndevu zao walikuwa wakimwona wanavuka njia na kutema mate kuepusha nuksi. Najat hajali. Haraka alikaa kwenye mkomamanga wa uani, mbele ya dirisha lake, akinyanyua mguu kama mtu aliyeulizwa deni la mwenzake.

Jumanne alasiri Najat kaenda kununua uzi. Idarusi na Msafiri wako uani wanangojea baiskeli zao, wakaanza kubisha kwamba hakuna kinyonga anayegeuka mweusi tii.

"Nyie mmekulia wapi?" Sabiri akasema. "Sisi Pangani tulikuwa tunawatia tumbaku. Tazameni kazi za watu."

Akachomoa chembe ya tumbaku kwenye tambuu aliyokuwa akitafuna, akambandika Haraka mdomoni. Kinyonga akawa mweusi kama masizi ya sufuria. Akatetemeka, akaachia tawi, akaanguka pu! Wanaume wakapiga makofi, na Sabiri akacheka kuwashinda. Kicheko kikamkauka alipoona mnyama hainuki. Akamwokota, akamrudisha mtini, akimkunjia vidole kimoja kimoja kwenye tawi.

Idarusi na Msafiri hawakungoja hata kujaziwa upepo. Najat akarudi.

"Mjomba! Haraka ana nini?"

"Jua hilo, mama. Jua la leo kali."

"Si jua." Najat akakaa chini palepale, uzi ukamwanguka. "Ni mimi. Asubuhi nimepuliza dawa ya mbu chumbani, dirisha wazi, naye yuko hapa. Nimemuua kwa mkono wangu."

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Sabiri akaupita kando.

"Usilie," akasema. "Hayawani mimi nawajua."

Akaenda duka la dawa, akanunua bomba la sindano, akatupa sindano yenyewe. Akamwosha Haraka kinywa, tone kwa tone, mpaka maji ya kahawia yakaisha. Najat alidhani ni nyongo. Sabiri akayamwaga upesi. Akamtengenezea tundu la wavu, kivulini, akawa anamnyunyizia maji majanini alambe. Kila alfajiri, akitoka msikitini, alikwenda uwanja wa mpira kukamata panzi kwa kanga ya mkewe, yeye mzee wa miaka hamsini na sita, magoti yanalia kama mnyororo usio na mafuta.

"Sabiri, siku hizi unachunga panzi?" Idarusi akamtania njiani.

"Nyamaza wewe. Nawe ulikuwepo."

"Nilikuwepo kucheka. Mkono ulikuwa wako."

Panzi alisagwa, Haraka akalishwa kwa ncha ya kijiti. Jirani yao, Mwanamkasi, alichungulia ukutani akaona, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari: Sabiri ni mganga, ana huruma hata kwa mdudu wa nuksi. Sifa! Mtu aliyezitafuta maisha yake yote, sasa zilimpanda puani kama maji ya bahari.

Lakini kilichomchoma zaidi ni Najat. Alhamisi alifunga saumu ya sunna kuomba toba. Sabiri mwenyewe ndiye aliyemgongea mlango ale daku.

Jumapili, kijani kilianza mkiani, kikapanda mgongoni. Sabiri akaweka panzi mzima tunduni. Jicho moja likamgeukia, la pili likafuata, ulimi ukafyatuka, panzi hayupo. Najat akapiga kigelegele, akaushika mkono wa mjomba wake akaubusu.

"Mungu akulipe, Mjomba. Kesho nafunga tena."

"Usifunge."

"Kwa nini?"

"Si dawa ya mbu, mwanangu. Ni mimi. Nilimtia tumbaku. Nilitaka watu wacheke."

Najat akauachia mkono.

"Siku tano, Mjomba. Na daku ukaniamshia."

"Nilikuamshia."

"Na Mwanamkasi anakutangaza mtaa mzima."

"Ananitangaza."

"Basi nenda kamwambie. Kisha wote aliowaambia."

"Wote? Najat, yule mwanamke kaifikisha habari mpaka Maweni!"

"Anza na yeye."

Najat akabeba tundu, akaingia nalo chumbani, akafunga dirisha. Sabiri akabaki anautazama mkomamanga, halafu akavaa kofia akatoka. Mwanamkasi alimpokea mlangoni, kuku kampakata.

"Heri umekuja, mganga! Huyu tangu jana hali."

"Mwanamkasi," Sabiri akasema, "muweke kuku chini. Unisikilize kwanza."