Debe la Samaki wa Baba Mdogo Obbo

Jana mjukuu wangu Oketcho aliingia na mfuko wa nailoni wenye maji na visamaki vyekundu, alivyonunua Busia, ng'ambo ya mpaka. Harufu ya yale maji ya kufungiwa ikanipiga puani. Akaulaza mfuko juu ya maji ya kisanduku chake cha kioo, simu mkononi, akanifundisha: "Bibi, samaki mgeni hamwagwi tu. Anazoeshwa maji kwanza. Nimesoma." Amesoma, jamani. Shangazi Nyafwono wa Molo alilijua hilo bila kuijua hata herufi moja.

Huyu Nyafwono, dada wa baba yangu, alirudishwa na mume kutoka Masaba kwa kukosa mtoto. Babu Owere akampa pembe ya kinamasi ambamo hata vyura walikaa kwa kukosa pa kwenda. Akachimba bwawa peke yake kwa jembe, akafuga samaki aina ya ngege. Kwetu kuku mgeni hufungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni siku saba, azoee mji, na kama ana kideri, basi augue peke yake. Shangazi akawafanyia samaki wageni vilevile. Chombo chao kilielea bwawani kwanza, akawaongezea maji kwa kibuyu, kidogo kidogo, kisha wakakaa kwenye kishimo cha pembeni wiki mbili, mimi na yeye tukiwachungulia magamba. Alikuwa akisema, mgeni hana ubaya, ila hujui amelala wapi.

Sasa Baba Mdogo Obbo. Mungu anisamehe, mpaka leo nikilitaja jina hilo natema mate. Alifagia ofisi moja Tororo mjini miezi minane, akarudi na kofia na Kizungu cha maneno sita, yote ya kufukuzia watu. Alivaa soksi kwenda shambani, kutazama wengine wakilima. Kile kinamasi alikitaka apande mpunga.

Siku moja akaleta debe la samaki, eti zawadi kwa dada yake. Shangazi alikuwa ameenda kusaga. Obbo akaniambia niwamwage bwawani. Nikamwambia Shangazi huwaweka kishimoni kwanza. Akacheka mpaka kofia ikainama.

"Samaki ni bibi arusi, mpaka aketishwe mlangoni kwanza? Mwaga, Athieno."

Nikamwaga. Gauni likalowa lote. Wengine walielea palepale, tumbo juu. Waliobaki walikuwa na utando mweupe kama pamba, na kabla ya wiki mbili kwisha, ngege wa Shangazi nao wakaota pamba hiyo, wakafa wote.

Obbo akamleta Babu aone. Akasimama ukingoni, kitambaa puani, akasema kinamasi kimekataa, mkono wa dada yake hauzalishi kitu, si tumbo, si bwawa. Babu akauliza polepole ni nani aliyetia samaki wageni humu. Obbo akatazama mawingu. Shangazi akanitazama mara moja tu, akarudisha macho majini. Lilitakiwa neno moja. Sikulisema.

Msimu uliofuata pale palikuwa na mpunga. Shangazi akabeba mkeka wake kichwani, akaenda kukaa kwa dada yao mkubwa kule Busitema, akafia huko.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa adabu, mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Hata nilijisifu. Lakini jioni ile niliyomwaga debe, ni Shangazi aliyenifulia gauni kabla mama hajaliona. Alijua toka siku ya kwanza. Angenitaja, ningechapwa, naye angebaki na bwawa lake. Hakunitaja.

Obbo namdharau, na ni kazi rahisi, ile kofia peke yake inatosha. Ila yeye angalau alitaka mpunga. Mimi sikutaka kitu. Nilijua tu, kama mji mzima ulivyojua, kwamba mwanamke aliyerudishwa si mtu ambaye mwingine achapwe fimbo kwa ajili yake.